Mfuko Niliomshonea Jerusa

Nekesa alinipigia simu Jumapili baada ya kanisa, nikiwa bado sijavua viatu. "Mama Mutua, umeskia? Madam Jerusa ametuacha." Nikasema pole, kama mtu anavyosema. Akaniambia watu wanakutana Kawangware kila jioni kupanga mazishi, na kwamba familia inauliza kama ninaweza kusema maneno machache, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mama yao kusuka lesi na alikuwa akinitaja kwa heshima. Nilivua kiatu kimoja kwanza. "Uko?" "Niko." "Sasa niwaambie aje?" Nikamwambia awaambie nitakuja, nitaleta sukari na majani ya chai, nitakaa na watu, lakini kusema sitasema. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua sababu. "Yaani mpaka leo, Mwikali?" Aliniita jina langu la usichana, nikajua naye ameshafika pale nilipo, kwenye mwaka ule mmoja. Mpaka leo, nikamjibu. Watu hudhani uchungu huisha wenyewe kama homa. Wangu sikuuacha uishe bure. Niliutumia, na ulinifaa.

Mwaka huo nilikuwa nikiishi Kianda, chumba kimoja cha mabati, cherehani ikiwa imesogezwa mlangoni ili ipate mwanga. Nekesa alikuwa jirani yangu wa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa bati moja tu, kwa hiyo nikikohoa yeye ndiye aliyeniambia pole, na akikaanga omena, vile visamaki vya ziwani, mimi ndiye niliyeshikwa na njaa. Jumapili nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria kubwa tukala wote wawili, tukiwa tumekaa kitandani na sahani magotini, tukisikiliza mume na mke wa chumba cha tatu wakigombana kuhusu nani alimaliza mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kupunguza suruali na kuziba nguo za mitumba ambazo wauzaji wa Soko la Toi waliniletea zikiwa na matundu. Nilikuwa fundi wa viraka. Silikatai jina hilo. Ila Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Jumamosi nilitoka mapema, nikapitia Jamhuri, nikavuka Ngong Road, nikaenda kwa miguu hadi Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa ambako Sista Imelda, mtawa mzee aliyezaliwa Kakamega na kusomea ng'ambo, alikuwa akifundisha wanawake kusuka lesi.

Wengi hawajawahi kuona lesi ikisukwa kwa mkono, kwa hiyo nieleze. Unakuwa na mto mgumu wa duara, umeshindiliwa unga wa mbao mpaka haubonyei ukiubonyeza. Juu yake unaweka karatasi ngumu yenye ramani ya vitobo. Uzi umezungushwa kwenye vijiti vidogo vya mbao, viwili viwili, na unavivusha na kuvipindisha mkono kwa mkono, na kila nyuzi zinapokutana unachoma pini ili zisimame hapo. Pini zikitoka kabla ya wakati, kazi imekwisha. Vijiti vikichanganyikana, kazi imekwisha. Ukitazama mwanamke anayejua, mikono yake inaenda kasi na vile vijiti vinagongana kwa sauti ya chini, tiki tiki tiki, na chini ya pini kunatoka kitu chembamba kama povu. Mara ya kwanza kuiona nilisahau kunywa chai yangu.

Shida ilikuwa kuubeba mto. Ukumbini saa ni chache, kwa hiyo ukitaka kumaliza kitu lazima uende na mto nyumbani. Wiki za mwanzo niliufunga kwa leso na kuukumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Siku moja mvua ilinikuta Jamhuri, nikakimbia, nikateleza, na mto ukaniponyoka ukaangukia tope. Nilipofungua leso nikakuta pini zimelala, vijiti vimefungana fundo, na kazi ya mwezi mzima imekuwa takataka. Nekesa alinikuta nimekaa mlangoni nimeukumbatia huo mto wenye matope. Akaniuliza, "Kwani wewe si fundi? Si ushone kitu cha kuibebea?"

Basi nikashona. Nilienda Toi nikachagua pazia zito la rangi ya damu ya mzee, la zile nyumba zenye madirisha makubwa, na suruali za jinzi ambazo hakuna aliyezitaka. Chini ya mfuko niliweka duara la plaiwudi nililokatiwa na seremala, nikalivika jinzi. Ukuta wa mfuko niliufanya tabaka tatu: pazia nje, shuka laini ndani, na katikati sponji ya godoro kuukuu, nikazishonea pamoja mistari ya mshazari ili sponji isishuke. Kifuniko ndicho kilichonichosha. Kikiwa chepesi, vijiti vitaruka; kikiwa kizito, kitalaza pini. Nilikishona na kukifumua mara nyingi, mwisho nikakiwekea pete ya sponji pembeni peke yake, ikawa inavibana vijiti ukingoni mwa mto huku katikati, penye pini, kumebaki wazi kama chumba kidogo. Nikazungusha zipu ndefu, nikashona mfuko mdogo wa makasi ubavuni, nikatia mikanda miwili ya kuvaa mgongoni. Sindano ya cherehani ilivunjika kwenye zile tabaka, nikamalizia pembe kwa mkono mpaka vidole vikatoka damu. Jumamosi iliyofuata nilivuka Ngong Road mikono mitupu, mto mgongoni, nikitembea kama mtu aliye na mali.

Sasa Jerusa. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu, mwanamke mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuombea, akikaa kwenye nyumba ya mawe Ayany. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la ukumbi, na ndiye aliyegawa uzi. Ukimkasirisha, uzi wako ulikuwa ule wa mwisho, wenye mafundo. Hakuna aliyewahi kumwona akisuka. Alipita katikati yetu mikono ikiwa nyuma, akisema "vizuri, vizuri," na akiulizwa kazi yake iko wapi, alisema iko nyumbani, kubwa, ya kumaliza macho. Mwaka huo binti wa mzee mmoja wa kanisa alikuwa anaolewa, na Sista Imelda alitutangazia kwamba lesi itakayopendeza kuliko zote itazungushwa kwenye shela la bibi arusi. Alisema pia kwamba macho yake yanazeeka, anataka kumwachia mtu darasa. Hakusema huyo mtu ni nani. Wote tulielewa ni yule ambaye lesi yake itaenda kanisani.

Niliichora ramani yangu mwenyewe. Sikutaka mawaridi ya vitabuni. Nilichora ua la mbaazi, lile dogo lenye mabawa, na majani yake matatu matatu, kwa sababu ndilo ua nililolijua. Nilisuka miezi. Nilisuka asubuhi kabla ya kugusa suruali za watu, nikasuka wakati Nekesa ananisimulia habari za mtaa kupitia bati. Ilikuwa imebaki urefu wa mkono mmoja tu nimalize. Ndipo, nikiwa ukumbini Jumamosi, habari ikanifikia kwamba nyanya yangu amefariki Kitui. Sikurudi hata Kianda. Niliuweka mto kwenye mfuko wake, nikafunga zipu, nikampa Jerusa autie kabatini. Alinishika mabega, akaniombea safari kwa sauti ile yake nzuri. "Nenda kazike, mwanangu. Hii kitu iko salama na mimi."

Niliporudi, arusi ilikuwa imepita. Nilifungua mfuko wangu mbele ya wanawake wote wakiwa wanakunywa chai na mandazi, na mto ulikuwa mtupu. Pini zilikuwa zimeng'olewa zikarudishwa kwenye kopo. Vijiti vilikuwa vinaning'inia na nyuzi fupi zilizokatwa kwa makasi, zimekatwa sawasawa, na mtu ambaye hakuwa na haraka. Hata ramani yangu ya mbaazi haikuwemo. Nekesa, ambaye nilikuwa nimemwingiza kikundini mwenyewe, alitazama kikombe chake. Mwanamke mwingine akanisukumia picha ya arusi bila kusema neno. Bibi arusi amesimama mlangoni mwa kanisa, na shela lake limezungukwa na maua ya mbaazi, mpaka nyuma, pale ambapo lesi haikutosha, ambapo palikuwa pameshonewa utepe mweupe kuziba pengo. Pengo la urefu wa mkono mmoja.

"Hii ni kazi yangu," nikasema. Jerusa aliweka kikombe chini polepole. "Mwikali, wewe umetoka matangani, uko na uchungu. Hiyo lesi nilisuka mimi kwangu Ayany." Nikamuuliza huo utepe ni wa nini. "Hiyo ni fashoni." Nikamuuliza kazi yangu iko wapi basi. Akawageukia wengine. "Kuna mtu alimwona akimaliza kitu?" Walikuwa wameniona wote. Walikuwa wameyagusa yale maua kwa vidole vyao. Ila uzi wa wiki ile ulikuwa haujagawiwa, na hakuna aliyefungua mdomo. Sista Imelda hakuwepo, alikuwa amelazwa kwa ajili ya macho. Nilikusanya vijiti vyangu nikaenda jikoni, nyuma ya ukumbi, nioshe uso, na nikiwa huko nikamsikia Jerusa akizungumza na yule mzee wa kanisa dirishani. "Huyo ni fundi wa viraka tu, mzee. Lesi ataijulia wapi?" Mzee akamuuliza ni lini na yeye atawaonyesha wanawake anavyosuka, maana Sista akirudi atataka kuona. Jerusa akacheka. "Ningeleta hata kesho. Lakini kutoka Ayany mpaka huku na hiyo mto, si kila kitu itaharibika? Barabara ndiyo inanizuia."

Nilisimama hapo, maji yakinitiririka shingoni, na nakumbuka nilihisi furaha. Sijui niiteje vingine. Dakika moja kabla yake nilikuwa nimepanga kumpiga. Nilikuwa nimeshaangalia hata sufuria ya chai. Sasa nikajua sitamgusa. Nitamshonea mfuko.

Nekesa aliponisikia nikikanyaga cherehani wiki ile alikuja kusimama mlangoni. Hakuingia, kwa sababu nilikuwa sijamsemesha. "Unashonea nani?" "Jerusa." Alidhani nimerukwa na akili. "Mwikali, pole. Niliogopa. We unajua vile huyo mama yuko." Nikamwambia ashike upande huu wa kitambaa auvute, akaingia, akauvuta. Ilikuwa ndiyo samahani yote iliyokuwepo kati yetu, na sikumpa zaidi. Mito ya kikundi ilitengenezwa na seremala mmoja kwa kipimo kimoja, kwa hiyo sikuhitaji kumpima. Kwenye mfuko ule niliweka kila nilichojua. Nilitafuta Toi nzima pazia la rangi ya dhahabu lisilo na doa. Sponji nilinunua mpya. Kifuniko nilikifunika kitambaa cha hariri ya gauni la mtu aliyekuwa tajiri, mikanda nikaitia pamba ili isiume mabega, na mbele nikatarizi jina lake, JERUSA, kwa herufi zenye mikia. Sijawahi kushona kitu kwa upendo mwingi hivyo, na haukuwa upendo. Kila mshono nilikuwa nikimwambia: huu ni mlango mmoja nimeufunga.

Jumamosi nilingoja mpaka wote wawepo, hata yule mzee wa kanisa. Nikasimama. Nikasema nilimkosea heshima mwenyekiti wetu mbele ya watu, na nimeleta zawadi. Jerusa akaanza kutabasamu. Nikautoa mfuko ule wa dhahabu, na wanawake wakapiga vigelegele kwa sababu kweli ulikuwa mzuri. Kisha nikatia ndani mto wangu, nikiwa nimeuanzishia kipande kidogo, pini zikiwa zimesimama na vijiti vikiwa vimepangwa. Nikafunga zipu. Nikauvaa mgongoni nikaruka. Nikaruka tena. Nikaupindua juu chini. Nikampa Nekesa, akatoka nao mbio akazunguka ukumbi mzima, akarudi anahema, akauweka mezani. Nikafungua. Hakuna pini iliyoinama. Hakuna kijiti kilichohama. Watu wakapiga makofi, na mzee wa kanisa akasema, "Sasa hii ni kitu!" Nikautoa mto wangu, nikampa Jerusa mfuko kwa mikono miwili, nikainama kidogo. "Madam, nilisikia barabara ndiyo inakuzuia. Sasa haikuzuii. Jumamosi ijayo utuletee tuone." Alikuwa bado anatabasamu, ila macho yalikuwa yameshaelewa. Alinitazama na mimi nikamtazama, na katikati ya vigelegele vyote vile tulikuwa wawili tu tuliojua nimempa nini. "Asante," akasema. Ilibidi aseme.

Jumamosi hiyo alituma neno kwamba ana homa. Iliyofuata Sista Imelda alikuwa amerudi, jicho moja likiwa limefunikwa, na aliposimuliwa habari za mfuko alifurahi kama mtoto, akatuma mtu Ayany kumwambia Jerusa kwamba anamngoja. Akaja. Alikuwa na mfuko mgongoni, amevaa nguo ya kanisani. Alitoa mto wake, na juu yake kulikuwa na ramani yangu ya mbaazi na vijiti vimefungwa kwa mpangilio wa kubahatisha. Sista akavuta kiti karibu naye. "Endelea tu, mama, pale ulipoachia." Nilisikia maji ya chai yakichemka jikoni. Jerusa akashika vijiti viwili, akavivusha, akashika vingine, akasita. Akachoma pini mahali ambapo hapakuwa na uzi. Vijiti vikaanza kuzungukana, naye akawa anavivuta badala ya kuvipindisha, mpaka uzi ukakatika. Sista hakumkaripia. Alimwekea mkono juu ya mkono, akasema, "Mama Jerusa, tungeanza na jozi mbili," kwa sauti ya kumfundisha mtoto. Nekesa ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wote wakacheka, wale wale waliotazama vikombe vyao. Niliwachukia kwa kicheko hicho karibu sawa na nilivyomchukia yeye. Lakini sisemi uongo: nilikisikiliza mpaka mwisho, na kilikuwa kitamu.

Sista alinipa darasa kabla mwaka haujaisha. Na mtu wa kwanza kuketi kwenye darasa langu, mbele ya wasichana wadogo, alikuwa Jerusa. Alikuwa ameshavuliwa uenyekiti. Alisema anataka kujifunza, basi. Nekesa alininong'oneza jikoni, "Mfukuze huyo. Ana aibu kweli?" Sista kwa upande wake alinishika mkono akaniambia Mungu ananiona, akidhani nimesamehe. Nilimwambia Nekesa, "Hapana. Akae mbele." Nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri kuliko mtu yeyote, bila kumficha kitu. Alipokosea nilimwambia afumue, na alipofumua nilisimama nikamtazama. Hakuwahi kubishana. Alikuwa na mikono mizito, mikubwa, nayo ikajifunza kidogo kidogo. Alibeba mto kwenda na kurudi Ayany, akasuka nyumbani, akarudi na macho mekundu.

Siku moja, mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha, aliinua mkono kama mwanafunzi wa shule. "Mwalimu, hii iko sawa?" Kilikuwa kipande chembamba, hakikufika hata urefu wa kiganja. Niliuchukua mto nikausogeza dirishani. Nilitafuta kosa kwa nia mbaya kabisa, pini kwa pini, na sikulipata. "Iko sawa," nikasema. Uso wake ulifunguka. Nikamuuliza ilivyokuwa kuisuka. "Wacha tu," akasema, akishika kiuno, akicheka. "Mgongo, macho, yote. Kuna siku nilitaka kuitupa kwa moto. Hii kidogo hivi! Mtu akiniguzia hii kitu naweza kumuua." Nilimrudishia mto mapajani. Nikainama karibu na sikio lake ili wasichana wasisikie.

"Ile yangu ilizunguka shela lote," nikamwambia.

Niliona neno likiingia. Tabasamu lilibaki midomoni lakini ndani yake hakukuwa na mtu tena. Akakitazama kile kipande, akakifunika kwa kiganja, akakitazama tena, na nilijua anahesabu: kama hiki kidogo kimemla hivi, basi ile. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi, na vijiti vya wasichana vilikuwa vinagongana nyuma yetu. Mwishowe akainua macho, na hakuniita mwalimu.

"Mwikali. Mimi sikujua."

"Najua hukujua," nikasema. "Ndiyo maana nilikufundisha."

Nikamwacha hapo, nikaenda kumwangalia msichana aliyekuwa amekaa nyuma yake.